Klorini, Ubani na Birika la Bi Rukia

Nimestaafu. Chekeni kwanza, nawangoja.

Nina miaka thelathini na mbili, sina mvi hata moja, na nimestaafu kazi ya kutia maji dawa. Kifua ndicho kilichoniachisha. Kwa miaka kumi na mitatu nilifungua ndoo za klorini ya unga bila kujifunga kitu puani, mpaka daktari akaniambia nichague, kazi au pumzi. Sasa nashona mabuibui katika kichumba kimoja huku Mji wa Kale, karibu na Ngome ya Yesu. Lakini wadogo zangu, mtu akipita dirishani akataja tangi, cherehani husimama yenyewe. Nataka kutoka mbio nikaulize: tangi la lita ngapi? Limeoshwa lini?

Nawaandikia nyinyi mnaoianza kazi hii, mnaosafisha mabwawa ya kuogelea na kuingia ndani ya matangi ya watu na brashi mkononi. Sikuisomea. Nilijifundisha kwa kusoma maandishi yaliyobandikwa kwenye ndoo za dawa na yale niliyoyapata kwenye simu. Tena nilikuwa mwoga. Nilipima maji, nikaandika, nikapima tena nione kama nilipima sawasawa, kisha nikifika nyumbani nikakumbuka sikuangalia kama mfuniko umekaa vizuri, nikarudi. Watu walidhani ni bidii. Ilikuwa hofu tupu, na nitawaeleza ilivyonifikisha mahali ambapo arusi nzima ilikuwa mikononi mwangu.

Lakini kwanza Mzee Karisa, maana bila yeye msingenisoma leo.

Mzee Karisa alikuwa Mgiriama wa Kaloleni, mrefu, mwenye kofia ya ukili iliyopauka kwa dawa, na alitunza bwawa la nyumba moja ya wageni hapa kisiwani. Mimi niliajiriwa pale kufagia. Wiki moja akaenda kwao mazikoni, na bwawa likaanza kuwa kijani. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu! Nikasoma maandishi ya kwenye ndoo mara nne, nikatia unga kwenye beseni, kisha nikaumiminia maji juu.

Msifanye hivyo. Naomba mlisome neno hilo tena: msifanye hivyo. Beseni lilichemka, likatoa moshi, likanirushia matone mpaka kifuani. Nilikimbia hadi barabarani na ufagio wangu mkononi, sijui nilitaka kumpiga nani.

Mzee Karisa aliporudi aliliangalia beseni lililopinda kwa joto, akaniangalia mimi. "Nani amepika chokaa hapa?"

"Mimi, Mzee."

"Ulitia nini kwanza?"

"Unga."

"Maji ndiyo mwenye nyumba, binti. Unga ndio unaobisha hodi. Umewahi kuona nyumba ikimwendea mgeni?"

Tangu siku hiyo sikukosea hilo tena. Maji kwanza kwenye ndoo ya plastiki, kisha unga kidogo kidogo, umeupa upepo mgongo, unakoroga na kijiti kikavu. Acha chokaa ituame, kisha mimina maji ya juu. Na ndoo ya klorini isikae chumba kimoja na asidi ya kusafishia vyoo. Zikikutana, hewa inayotoka hapo haikuulizi jina.

Matone yale nayo yaliniachia zawadi. Asubuhi yake buibui langu jeusi lilikuwa na madoa ya rangi ya kutu, kuanzia shingoni hadi magotini. Sikuwa na jingine la kazi. Nilipopita kichochoroni, Athmani, mwenye kuuza maji kwa mkokoteni, akaegemea mitungi yake akapiga ukelele: "Jamani, chui ametoroka!" Ikawa ndiyo basi. Mpaka leo, mabuibui ninayoshona hayana doa hata moja, na mji mzima waniita Chui.

Jambo la pili alilonifunza Mzee Karisa lilinishangaza zaidi. Mgeni mmoja alitoka bwawani macho mekundu, akalalamika dawa imezidi, bwawa lanuka. Mimi kwa hofu nikaacha kutia dawa siku tatu. Harufu ikazidi! Nilikuwa karibu kulia.

"Klorini yenye afya hainuki hivyo," akasema Mzee. "Hiyo unayoinusa ni klorini iliyochoka. Imepigana na jasho, na mafuta ya ngozi, na mambo mengine ambayo watu wazima hawakubali kuwa huyafanya majini. Iongezee wenzake."

Tukaongeza jioni, bwawa likiwa tupu, maana jua la Mombasa hula klorini kama watoto wanavyokula mabuyu. Kulipokucha maji yalikuwa yakimeta na harufu imekwisha. Nilirukaruka pale ukingoni peke yangu. Wadogo zangu, hakuna furaha kama ya maji yaliyokuwa na ukungu jana kukuonyesha vigae vya chini leo!

Na jambo la tatu, ambalo nililiona kwa macho lakini sikulishika. Baadaye alinichukua kuosha matangi ya majumbani, na tukimaliza tangi la mtu na kulitia dawa, Mzee Karisa alingoja nusu saa, akachota kikombe, akanywa chote mbele ya mwenye nyumba. "Kama mimi siyanywi, wao wayanywe kwa nini?" Mimi nilisimama kando na chupa yangu ya maji ya dukani. Nilisema ni ya kusuuzia vichupa vya kipimo.

Haya. Sasa birika.

Bi Rukia anaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, nyumba ya zamani yenye kuta nene, na chini ya ukumbi wake mna birika, tangi la kale lililojengwa chini ya sakafu, lenye mfuniko wa mbao. Linachukua kama lita elfu sita. Mwaka mmoja mjukuu wake Maimuna alikuwa anaolewa, na mifereji ya maji ya mtaa wetu ilikuwa imekauka wiki mbili. Watu walinunua maji ya lori, na hakuna aliyejua lori lilijaza wapi. Huko Majengo watu walikuwa wakiharisha, watoto wawili wa nyumba moja wamelazwa. Na siku ya arusi, adhuhuri, wanawake mia mbili wangekaa kwa Bi Rukia kula biriani na kunywa maji ya birika lile.

Aliniita asubuhi, siku moja kabla. "Hodi," nikasema mlangoni.

"Karibu, mwanangu. Wajua kwa nini nimekuita?"

"Nimeambiwa ni birika, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Sikiliza. Mgeni wangu akiumwa na tumbo, Maimuna atatajwa kwa kuharisha mpaka naye apate wajukuu. Yatie dawa." Kisha akaninyooshea kidole. "Lakini wageni wangu hunywa maji ya ubani, tangu enzi ya mama yangu. Yakinuka dawa nayamwaga barabarani. Sitaki watu wadhani nimewaita kuogelea."

Kwa msomaji asiyejua desturi yetu: mtungi wa udongo hugeuzwa kifudifudi juu ya chetezo chenye makaa na ubani, ukajaa moshi, kisha ukatiwa maji. Maji hayo yana ladha ambayo friji haijapata kuijua. Siku ile vyetezo sita vilikuwa vinafuka ukumbini, mitungi imepangwa, na juu ghorofani bibi arusi alikuwa akifukizwa udi. Nyumba nzima ilikuwa moshi mtamu. Kumbukeni moshi huo.

Nilipiga hesabu yangu. Gramu hamsini za unga zingetosha. Nikafikiria watoto wa Majengo, nikapima mia, kwa usalama. Nikakoroga vizuri, nikamimina, nikavuruga birika kwa mti mrefu, nikangoja nusu saa. Kisha nikachota sampuli kwenye kichupa, nikatia kidonge cha kupimia. Mnavijua vidonge hivi: maji yakiwa na klorini yanageuka rangi ya waridi, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo klorini ilivyo nyingi. Yasipogeuka, hamna kitu.

Hayakugeuka. Meupe pe!

Nikasema, birika hili la kale lina matope, matope yamekula dawa. Nikatia gramu mia nyingine. Nikangoja, nikapima. Meupe. Wanawake walikuwa wakipita na masufuria, wakiniuliza, "Chui, tayari?" nami nikiwajibu, "Karibu, karibu." Nikatia mia ya tatu. Nikangoja, nikapima.

Meupe kama maji ya mvua.

Nilipanda darini nikampigia simu Mzee Karisa. Wakati huo alikuwa ameshaacha kazi, amerudi Kaloleni kufuga mbuzi. Nilimwambia yote kwa pumzi moja, kwamba birika limelaaniwa, linameza dawa, na arusi ni kesho.

"Yananuka?" akauliza.

"Sijui, Mzee. Pua yangu siku hizi haisikii vizuri. Na nyumba nzima ni ubani."

Akaguna. Nilisikia mbuzi. "Teremka upime tena, na hii simu usiikate. Ukitia kidonge usiangalie saa wala daftari. Angalia kichupa. Niambie unaona nini, hata kama ni cha kitambo kidogo."

Nikateremka, nikatia kidonge, nikatoa macho. Na hapo nikakiri jambo nililokuwa nimeliona mara zote tatu nikajidanganya kuwa ni macho yangu yaliyochoka.

"Mzee, yamekuwa pinki. Halafu pinki ikaondoka."

"Ghafla?"

"Ghafla. Kama mtu aliyeona haya akafunika uso."

Mzee Karisa akacheka mpaka akakohoa. "Mtoto wewe! Hayo maji hayana upungufu wa dawa. Dawa ni nyingi mno, imeila rangi ya kidonge. Klorini si kazi yake kufuta rangi? Na hilo buibui lako lilikupa somo gani?"

Nilikaa chini sakafuni palepale.

"Una maji masafi?" akauliza.

"Nina chupa ya dukani."

"Kipimo kimoja cha birika, tisa vya chupa. Changanya, kisha tia kidonge."

Nikafanya. Kichupa kikawaka waridi iliyokolea, na haikuondoka. Yaani hata baada ya kuyafanya mepesi mara kumi bado dawa ilikuwa zaidi ya ile ninayoitaka kwenye glasi ya mtu. Chini ya ukumbi wa Bi Rukia kulikuwa na lita elfu sita za maji ya kufulia kanzu.

Sikuwa na la kuficha. Niliingia jikoni mbele ya wanawake wote. "Bi Rukia, nimekosea. Nimezidisha dawa. Maji haya hayanyweki."

Kijiko kikaanguka mahali. Mtu akasema, "Ndiyo mambo ya kuita chui." Bi Rukia hakuinua sauti, na ningependa angeiinua. "Ni saa tisa alasiri," akasema. "Lori haliji tena mpaka kesho jioni. Wageni ni adhuhuri. Niambie nifanye nini."

Na hapo, wadogo zangu, sijui akili ilitoka wapi. Nilikuwa bado nimeshika kile kichupa. Kimoja kwa tisa. Mtaa mzima ulikuwa umejaza maji ya lori lilelile, kwenye mapipa na madumu, na hakuna nyumba nyingine iliyotia dawa. Wao walikuwa na maji bila dawa, sisi tulikuwa na dawa bila maji!

"Nipe mapipa yako mawili makubwa, Bibi," nikasema, "na uniitie Athmani."

Athmani alikuja akisukuma mkokoteni mtupu. Nilimweleza. Alinikodolea macho, kisha akageuka akapaza sauti ile anayouzia maji, inayofika mpaka sokoni: "Enyi watu! Leteni maji ya lori kwa Bi Rukia! Ndoo tisa mnazoleta, mnarudi na nane zilizotiwa dawa, moja ni haki ya arusi! Chui amepika supu ya mtaa mzima!"

Wakaja! Kwanza mama mmoja na ndoo mbili, akitazama kwa shaka. Kisha watano. Kisha kichochoro kikajaa, wanaume kwa vikoi, wasichana wenye urembo wa piko mbichi mikononi wakibeba ndoo kwa viwiko, watu ambao hawakusemezana tangu mwaka juzi wakipokezana madumu. Ndoo tisa za lori ndani ya pipa, moja ya birika, koroga, funika, nusu saa. Kisha kidonge. Pipa la kwanza lilinipa waridi iliyopauka, ile hasa ya kwenye karatasi ya kipimo, na nilipiga kelele hadi Bi Rukia akatoka jikoni akidhani nimeanguka birikani. Nikawekewa mapipa mawili mengine, kisha matatu. Nilipima kila pipa mara moja. Mara moja tu! Hapakuwa na nafasi ya kupima mara mbili.

"Hii ya kwangu mbona rangi yake hafifu kuliko ya jirani?" mama mmoja akanishika.

"Maji yako yalikuwa na uchafu zaidi, mama. Uchafu ndio uliokula dawa. Naongeza kikombe."

"Uchafu? Maji yangu mimi?" Akamgeukia jirani. "Umesikia matusi haya?" Lakini kikombe alikipokea.

Kabla ya magharibi mitungi ya Bi Rukia ilikuwa imejaa, na kila nyumba ya kichochoro chetu ilikuwa na maji yaliyotiwa dawa. Birika tuliliacha wazi likipumua, likaja likaongezwa maji mapya lori lilipokuja. Nilikuwa nimelowa mpaka kwenye mifupa, na buibui langu la pili lilikuwa linaanza madoa.

Nikafungasha vichupa vyangu niondoke. Bi Rukia akaniita ukumbini. Alifunua mtungi mmoja, akachota kwa kata ya kifuu, akanusa. Alinusa kwa muda mrefu. Akanywa funda moja, akalizungusha mdomoni.

"Ubani," akasema. Kisha akanipa kata. "Nawe kunywa."

Nikatia mkono mkobani. "Nina chupa yangu, Bibi."

"Chupa yako umeimaliza ukipimia. Nimekuona."

Ni kweli, ilikuwa tupu. Nilisimama na kata mkononi, na nitawaambia jambo ambalo sikupata kumwambia hata Mzee Karisa. Kwa miaka yote niliyokuwa nikitia maji ya watu dawa, nilikuwa sijanywa hata tone la maji niliyoyatia mimi. Niliyapima mara mbili, mara tatu, nikayaandika kwenye daftari, nikawaambia wenye nyumba kunyweni bila wasiwasi, kisha nikaenda kunywa ya dukani. Wanawake mia mbili walikuwa wanakuja kuyanywa haya, na Maimuna akiwa kati yao, na watoto wa kichochoro kizima walikuwa wakiyanywa tayari.

"Chui anaogopa maji," akasema mtu nyuma yangu, na ukumbi ukacheka.

Nikanywa. Yalikuwa baridi, baridi ya udongo, na ubani ulinipanda mpaka kwenye pua yangu hii iliyoharibika. Nilimaliza kata yote. Nikaomba ya pili.

Kesho yake wageni walikula, wakanywa, wakaenda zao, na wiki nzima nikawa napita kila mlango wa kichochoro nikiuliza habari za matumbo ya watu, mpaka Athmani akanitangaza kuwa nimeanza udaktari. Hakuna aliyeumwa. Maimuna ana watoto wawili sasa. Buibui lake la Idi liko hapa mezani, linangoja upindo.

Basi mkipita kwangu, hata kama hamna la kushona, ingieni. Ninao mtungi mdogo pembeni ya cherehani na kata yake. Maji yake nayatia dawa mwenyewe, nayafukiza mwenyewe, na mtanikuta nimeshayanywa.